Samaki wa Kale na Maana ya Kugundua

Katika Kiswahili cha wazee wetu, kitenzi "kugundua" kilikuwa na maana ya kumfikia mtu ghafla naye hana habari, kumkuta katika jambo ambalo hakutazamia kuonwa. Mwizi aligunduliwa ghalani. Mwindaji aligundua paa machungani. Baadaye, kwa matumizi ya shule na vitabu, neno hilo likapanuka, likabeba pia maana ya kuwa mtu wa kwanza kukijua kitu. Kati ya maana hizo mbili pana safari ndefu, na katika safari hiyo watu wengi wamepotewa na haki yao. Katika insha hii twakusudia kuifuata safari hiyo kwa kisa cha samaki mmoja mkubwa wa bahari zenye joto, aitwaye silikanti, na kukilinganisha na kisa cha maji ya Karagwe na Kyerwa, nchi ambayo haina bahari.

Msomaji ana haki ya kuuliza: Karagwe na samaki wa baharini, wapi na wapi? Wilaya hizi mbili, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, ziko katika nyanda za juu za magharibi ya Mkoa wa Kagera, mbali sana na Tanga na Dar es Salaam. Wala maji yake hayaelekei kwenye Bahari ya Hindi. Mto Kagera hupita mpakani mwa Rwanda, hupinda mashariki kwenye mpaka wa Uganda, humwagika katika Ziwa Victoria, na kutoka humo maji hayo hufuata Mto Nile hadi Bahari ya Kati. Hakuna samaki wa Bahari ya Hindi awezaye kupanda mto mpaka Murongo. Hata hivyo, bahari ilifika Karagwe zamani. Ilifika katika umbo la simbi, yaani ganda dogo jeupe la kauri, lililopita mkono kwa mkono na soko kwa soko, likawa pambo na fedha katika nchi za maziwa makuu. Watu ambao hawakupata kuiona bahari walikuwa na kipande chake viganjani mwao. Kwa hiyo historia ya bahari ni historia ya bara pia, na kisa cha samaki wa Tanga kina somo kwa mwanafunzi wa Kyerwa.

Tuanze na kisa cha nchi kavu. Katikati ya karne ya 19 Karagwe ilikuwa ufalme wa ukoo wa Bahinda, na makao ya Mukama Rumanyika yalikuwa Bweranyange. Karibu na hapo, mahali paitwapo Kafuro, wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao. Njia yao ilitoka Bagamoyo, ikapita Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, kisha ikapanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mmoja wa wafanyabiashara hao, Snay bin Amir, alikuwa amekwisha kuzifikia nchi hizo za kaskazini wakati Richard Burton na John Hanning Speke walipowasili Kazeh mwaka 1857. Ni yeye aliyewaeleza Waingereza hao habari za ziwa kubwa lililoko kaskazini. Mwaka uliofuata, 1858, Speke akaenda, akasimama ukingoni, akaliita ziwa hilo kwa jina la malkia wake. Waganda walikuwa wakiliita Nalubaale, na Waluo Nam Lolwe. Lakini vitabu vikasema kuwa ziwa limegunduliwa.

Speke alirudi tena na mwenzake, James Augustus Grant. Mwezi wa Novemba 1861 wakafika kwa Rumanyika, wakiongozwa katika safari yao na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa nguzo na mkalimani wa msafara. Rumanyika aliwapokea kwa ukarimu ambao Speke mwenyewe aliusifu sana. Waliketi wakazungumza juu ya milima, mito, falme na maziwa. Speke aliandika habari za milima iitwayo Mfumbiro, na za maziwa ya magharibi ambayo hakuyafikia kwa miguu yake, bali aliyafikia kwa masikio yake. Mapema mwaka 1862 akaendelea na safari, akimwacha nyuma Grant aliyekuwa mgonjwa wa mguu, naye Grant akahudumiwa katika nchi hiyo kwa miezi kadhaa.

Sasa tuangalie walivyofanya na majina. Karibu na makao ya Rumanyika palikuwa na ziwa zuri. Grant aliona linafanana na ziwa moja la kwao Uingereza. Basi wakaliita Windermere Ndogo, na Speke akaandika kwamba halikuwa na jina la kienyeji. Ni vigumu kuamini kwamba ziwa lililokuwa machoni pa mfalme, ambalo watu walichota maji yake na kupiga kasia juu yake, lilikaa vizazi na vizazi bila jina. Lililo rahisi kuamini ni kwamba mgeni hakuuliza vema, au hakujibiwa vema. Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, naye akaupa Mto Kagera jina la Nile ya Alexandra, kwa heshima ya mke wa mrithi wa kiti cha Uingereza. Majina hayo mawili, la ziwa na la mto, yamekufa. Hakuna mtoto wa Karagwe ayatumiaye. Lakini fikra iliyoyazaa, kwamba kitu huanza kuwako pale mgeni anapokiandika, haikufa pamoja nayo. Tutaiona tena baharini, karibu miaka 80 baadaye.

Silikanti ni samaki mkubwa. Aliyekomaa hufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 90 hivi. Rangi yake ni buluu iliyokoza yenye mabaka meupe, na magamba yake ni manene na yenye kukwaruza. Mkia wake una sehemu tatu, ile ya katikati ikitokeza kama ulimi. Tofauti yake kubwa na changu, nguru au chewa iko katika mapezi. Mapezi yake ya kifuani na ya tumboni hayakuota moja kwa moja mwilini, bali yamekaa juu ya vikonyo vinene vyenye nyama na mifupa, naye huyachezesha kwa zamu, la kulia la mbele pamoja na la kushoto la nyuma, mfano wa mnyama anayetembea. Badala ya uti wa mgongo wa pingili za mfupa ana mrija mnene uliojaa umajimaji wa mafuta. Fuvu lake lina kiungo kinachomwezesha kupanua kinywa, na ndani yake ubongo hushika nafasi ndogo mno, sehemu iliyobaki ikijaa mafuta. Ndani ya mwili wake mna pafu lililodumaa, lisilofanya kazi, dalili ya maisha mengine ya wahenga wake.

Mchana hujificha katika mapango ya chini ya bahari, kwa kawaida kwenye kina kinachozidi mita 100, na usiku hutoka kuwinda. Hatagi mayai, bali huzaa watoto hai. Mwaka 1991 jike mmoja aliyevuliwa pwani ya Msumbiji alikutwa na watoto 26 tumboni waliokaribia kuzaliwa. Uchunguzi uliotangazwa na wataalamu wa Ufaransa mwaka 2021 ulionyesha kwamba silikanti aweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba mimba yake yaweza kuchukua miaka 5 hivi. Kiumbe mwenye mwendo huo wa maisha hawezi kustahimili kuvuliwa ovyo.

Jina la silikanti lilikuwako katika vitabu kabla samaki mwenyewe hajaonekana na wenye vitabu. Mwaka 1839 mtaalamu Louis Agassiz alitunga jina la kisayansi lenye maana ya "mwiba mtupu" kwa ajili ya samaki aliyemwona katika mawe tu, yaani katika mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe. Mabaki mengine ya jamii hiyo yana umri wa karibu miaka milioni 400. Kwa kuwa hayakupatikana katika mawe yenye umri chini ya miaka milioni 66 hivi, wataalamu walikata shauri kwamba jamii yote ya silikanti ilikwisha zamani, pamoja na mijusi mikubwa ya kale. Jambo hilo likafundishwa hivyo kwa miaka 100.

Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi iitwayo Nerine iliingia bandari ya East London, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, mlinzi wa jumba dogo la makumbusho la mji huo, aliitwa kutazama samaki waliovuliwa. Chini ya lundo akaona pezi la buluu. Hakujua ni samaki gani, lakini alijua kwamba hajapata kumwona, na hakukubali atupwe. Akamchora, akampelekea mchoro huo mwalimu wa chuo, J. L. B. Smith. Barua ilichelewa, na joto lilikuwa kali. Ikabidi samaki akaushwe na matumbo yake yatupwe. Smith alipomwona kwa macho yake mwezi wa Februari 1939 alithibitisha kuwa ni silikanti. Akamwita Latimeria chalumnae, kwa jina la bibi yule na la mto ambao karibu na mlango wake samaki alivuliwa.

Smith akataka wa pili, mwenye matumbo yake. Akachapisha matangazo yenye picha, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, yenye ahadi ya zawadi ya pauni 100, yakasambazwa pwani ya Afrika. Miaka 14 ikapita. Mwezi wa Desemba 1952, katika kisiwa cha Anjouan, Visiwa vya Ngazija, mvuvi aitwaye Ahamadi Abdallah alivua kwa mshipi samaki mzito, akampeleka sokoni. Mwalimu mmoja wa shule akamtambua samaki huyo kutokana na tangazo. Wakamchukua, wakapanda na kushuka milima ya kisiwa hadi kwa nahodha Eric Hunt, aliyekuwa na matangazo ya Smith. Hunt akapeleka simu. Smith akamwomba Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, D. F. Malan, ampe ndege ya jeshi, akapewa, akaruka hadi Ngazija, na alipomwona samaki alilia machozi.

Walimwengu walishangaa. Lakini watu wa Anjouan walikuwa na mshangao wa namna nyingine: kwamba watu wazima walisafiri kwa ndege ya vita kumfuata gombesa. Maana samaki huyo walikuwa na jina lake. Walimwita gombesa, wakamjua kuwa hupatikana mara chache, usiku, penye kina kirefu, na kwamba nyama yake ina mafuta mengi na haipendezi kuliwa. Husimuliwa hata kwamba magamba yake yalitumika kukwaruzia mpira wa baisikeli kabla ya kuutia kiraka. Kitu ambacho chuo kilikiita muujiza, kisiwani kilikuwa kitoweo duni.

Tukumbuke hapa Windermere Ndogo. Smith aliona kwamba samaki wa Anjouan hana pezi la kwanza la mgongoni, akadhani ni aina nyingine kabisa, akampa jina la Malania anjouanae, kwa heshima ya Malan. Huyu Malan ndiye aliyeingia madarakani mwaka 1948 na kuifanya siasa ya ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi. Basi samaki aliyevuliwa na Mwafrika wa visiwani, akatambuliwa na mwalimu wa visiwani, akabebwa kwa mabega ya watu wa visiwani, alipewa jina la mtu ambaye katika nchi yake asingekubali kuketi nao meza moja. Baadaye ikaonekana kwamba samaki yule alikosa pezi kwa kilema tu. Hakuwa aina mpya. Jina la Malan likafutika, kama yalivyofutika majina ya Speke na Stanley katika maji ya Karagwe. Ila jina la Ahamadi Abdallah halikuwekwa mahali pake.

Kisa hiki kikaja mpaka kwetu. Mwaka 2001 silikanti alivuliwa karibu na Malindi, Kenya. Mwaka 2003 akapatikana katika Wilaya ya Kilwa, na kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Tanga wakawapata kwa makumi katika jarife, nyavu za papa zilizotegwa kwenye kina kirefu. Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Hatua hiyo ni njema na inastahili sifa. Hata hivyo, hifadhi yaweza kufaulu ikiwa tu mvuvi anahesabiwa kuwa mjuzi wa bahari na mwenye mali, si mtuhumiwa. Wavu ulioleta habari ya silikanti ni wavu wake, naye ndiye ajuaye ni wapi na usiku gani usitegwe.

Hatutaki kueleweka vibaya. Hatusemi kwamba elimu ya vitabu ni bure. Mvuvi wa Anjouan alimjua gombesa, lakini hakuweza kujua kwamba samaki huyo ana jamaa katika mawe ya miaka milioni 400. Jambo hilo alilijua Smith, na alilijua kwa kuwa watu waliomtangulia waliandika. Vivyo hivyo Rumanyika alizijua nchi zake na za jirani zake, lakini hakuwa na ramani ya kuziunganisha na Misri. Elimu hizi mbili ni kama makasia mawili ya mtumbwi mmoja. Kosa la wakati ule lilikuwa kuhesabu kasia moja na kulisahau la pili.

Wala kosa hilo si la wageni peke yao. Katika nchi za maziwa makuu, Wahima waliokuwa wafugaji kwa desturi hawakula samaki. Ng'ombe ndiye aliyesifiwa katika nyimbo na kuchongwa katika chuma cha kifalme. Aliyeyajua maji ni mvuvi na mchonga mitumbwi, watu ambao barazani hawakuulizwa sana. Hivyo elimu yao ilikosa masikio mara mbili: mgeni hakuiuliza, na wakubwa wa nyumbani hawakuitukuza.

Nayo ilikuwa elimu ya thamani. Chukua mfano wa kamongo, samaki mrefu mwenye mwili wa nyoka akaaye katika vinamasi vya Ziwa Victoria na mito yake, ambaye Waganda humwita mmamba, na mwiko wake ni wa ukoo mmojawapo mkubwa wa Buganda. Kamongo ana mapafu hasa. Hupanda juu kuvuta hewa, na akizuiwa chini ya maji hufa. Dume hulinda kiota na watoto. Mambo haya wavuvi wa ziwa waliyaona kwa macho yao. Mwaka 2013 wataalamu waliosoma chembe za urithi za silikanti walithibitisha kwamba miongoni mwa samaki walio hai, walio karibu zaidi kwa nasaba na wanyama wenye miguu minne, na sisi wanadamu, ni jamii ya kamongo. Silikanti hufuata nyuma yao. Kwa maneno mengine, samaki wa baharini aliyefuatwa kwa ndege ya jeshi ana binamu katika matope ya ziwa letu, na binamu huyo ni karibu yetu zaidi kuliko yeye.

Kuna jambo linalotuhimiza tusikawie. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea, akala furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mia kadhaa. Aina nyingi zilitoweka, na baadhi yao zilitoweka kabla mtaalamu yeyote hajaziandikia jina. Huo ni msiba ambao silikanti aliuepuka. Yeye alidhaniwa amekufa, kumbe yu hai. Furu walidhaniwa wapo, kumbe wamekwisha. Majina waliyoitwa na wavuvi wa pwani za ziwa, hayo nayo yanakwenda kaburini na wazee.

Kwa sababu hiyo tunawaelekea walimu na wanafunzi wa Karagwe na Kyerwa. Mwaka 2019 sehemu za nchi hii zilifanywa hifadhi za taifa, mojawapo ikichukua jina la Rumanyika, na nyingine la Ibanda na Kyerwa. Nchi imehifadhiwa, majina yake yahifadhiwe pia. Kila shule iliyo karibu na mto, ziwa au bwawa yaweza kuwa na daftari moja. Humo wanafunzi waandike kwa Kinyambo na kwa Kiswahili jina la kila samaki ambaye wazee wa hapo wanamjua, umbo lake, msimu wake, mtego wake, ukoo wenye mwiko naye, na sababu ya mwiko huo. Waandike pia jina la kila kijito na kila ghuba, na jina la mzee aliyelitaja, akiridhia. Kazi hiyo haihitaji ndege ya jeshi wala pauni 100. Inahitaji kalamu, adabu ya kuuliza, na subira ya kusikiliza.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Speke alikuwa na daftari, ndiyo maana ziwa la Bweranyange likaitwa kwa miaka mingi jina la ziwa la Uingereza. Smith alikuwa na daftari, ndiyo maana gombesa akawa wa Malan kwa muda. Daftari si adui yetu. Lililotudhuru ni kwamba lilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Siku mwanafunzi wa Kyerwa atakapoandika jina alilopewa na babu yake, na mwanafunzi wa Tanga akaandika alilopewa na mvuvi wa mtaani kwake, neno kugundua litarudi katika uzito wake: si kumshitukia mwenye mali na kumnyang'anya, bali kukaa naye na kujua pamoja naye.